Allidina Visram: Mtoto wa miaka 12 aliyetandaza maduka kutoka pwani hadi Kongo

Mfanyabiashara anayepakia mzigo Mombasa na kuushusha Kampala, au anayetoka Dar es Salaam hadi Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo, anapita njia ambazo zamani zilikuwa na maduka ya mtu mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu huyo alikuwa na matawi zaidi ya 30, mengine Kenya na Uganda, mengine Tanganyika iliyokuwa chini ya Wajerumani, na biashara yake ikafika hadi Kongo. Alinunua pembe, ngozi, ufuta na pamba. Aliuza nguo, chumvi na shanga. Hata maofisa wa serikali walichukua fedha zao katika maduka yake.

Jina lake ni Allidina Visram. Alipofika katika pwani hii mwaka 1863 hakuwa na duka, hakuwa na mtaji, na hakuwa na baba wa kumshika mkono. Alikuwa na miaka 12.

Kuondoka Kera

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, Kutch, magharibi mwa India, katika jamii ya Khoja wa madhehebu ya Ismailia. Kutch ni nchi kame. Mvua ikikosekana mwaka mmoja, ghala hubaki tupu. Ikikosekana miwili, watu huhama. Kwa vizazi vingi wenyeji wa huko waliifanya bahari kuwa shamba lao la pili, na bandari yao kuu ya Mandvi ilikuwa ikipeleka majahazi Muscat na Zanzibar miaka mingi kabla ya meli za moshi kuja.

Safari yenyewe iliamuliwa na upepo. Kaskazi, inayovuma kati ya Desemba na Machi, ndiyo iliyoyaleta majahazi Afrika Mashariki. Kusi ndiyo iliyoyarudisha. Maana yake ni kwamba kijana aliyepanda jahazi Mandvi hakuweza kufika, akaona maisha magumu, akarudi kwao wiki iliyofuata. Alilazimika kukaa miezi kadhaa akisubiri upepo ugeuke, na ndani ya miezi hiyo alipaswa kula. Wengi walipata kazi kwa sababu hiyo kwanza, mipango mingine ikafuata baadaye.

Zanzibar ya mwaka 1863 ilikuwa chini ya Sayyid Majid. Forodha yake ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyotoka Kutch hukohuko, kwa hiyo mtoto wa Kera aliyeshuka bandarini alisikia lugha ya mama yake kabla hajavuka lango la forodha. Lakini aliona pia mambo mengine. Soko la watumwa lilikuwa bado wazi, na halikufungwa mpaka mwaka 1873. Pembe nyingi zilizofika ghalani zilikuwa zimetoka bara kwa misafara iliyochanganya biashara hizo mbili. Huo ndio ulimwengu wa kazi alioingia.

Kulikuwa na jambo jingine mwaka huo ambalo mfanyabiashara yeyote angelitambua. Nguo iliyopendwa kuliko zote bara ilikuwa merikani, kitambaa cheupe kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1861. Merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi sokoni. Vita ya mbali ilibadilisha bei katika duka la Bagamoyo.

Kazi ya kwanza

Bagamoyo ndiko Allidina alikokua kikazi. Mji huo ulikuwa mlango wa bara. Misafara ya Wanyamwezi ilishuka na pembe, ikapumzika, ikapakia nguo, shanga na masango, kisha ikapanda tena kuelekea Tabora na Ujiji.

Kijana mgeni katika duka la aina hiyo hakuanza na kalamu. Alifagia, akafungua milango alfajiri, akabeba majora, akalala ghalani juu ya mali ya tajiri wake. Baada ya hapo alijifunza vipimo. Shuka ilikuwa mikono minne, doti ni shuka mbili. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Aliyekosea kipimo alimkasirisha tajiri, na aliyemwibia mteja alimpoteza, kwa sababu mnyapara wa msafara akishadanganywa mara moja, msimu ujao alipeleka watu wake duka la pili. Kiswahili nacho kilikuwa sehemu ya kazi, maana bila Kiswahili hakukuwa na mauzo kutoka Pangani hadi Manyema.

Allidina aliingia katika biashara ya Sewa Haji Paroo, Khoja mwenzake na mtu wa rika lake, ambaye alikuja kuwa tajiri mkubwa kuliko wote Bagamoyo. Sewa Haji aliuza bidhaa za misafara na kukodisha wapagazi kwa wasafiri na, baadaye, kwa Wajerumani. Leo wagonjwa wanaolazwa Muhimbili, Dar es Salaam, bado wanataja wodi ya Sewahaji, na wengi wao hawajui kwamba jina hilo ni la mfanyabiashara aliyetoa fedha za kujenga hospitali ya wenyeji mjini humo.

Mikononi mwa Sewa Haji, Allidina alijifunza jambo ambalo lilikuja kumtajirisha, yaani kukopesha. Kiongozi wa msafara alichukua nguo na shanga bila kulipa, akaenda bara, na akirudi baada ya mwaka, pengine miwili, alilipa kwa pembe. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni takriban kilomita 1,200. Mpagazi alibeba mzigo wa kama kilo 30 begani, siku baada ya siku. Njiani kulikuwa na homa, kiu, vita vya machifu na hongo. Neno hilo zama hizo halikuwa la aibu. Hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa chifu ili upite katika nchi yake, na kila kituo kilikuwa na mapatano yake.

Kwa hatari zote hizo, mkopeshaji hakuwa na polisi wa kumfuata mdeni. Alikuwa na jambo moja tu la kumsaidia: kujua watu. Nani hulipa, nani husingizia wezi, nani kaka yake anaweza kumdhamini. Kijana aliyeanza kwa kufagia alikuja kuwa mtu anayezijua sura hizo zote.

Duka lamfuata mteja

Wenye mali wengi wa pwani walikaa pwani. Walikopesha, wakasubiri. Allidina alipoanza kujitegemea alifanya kinyume, akayapeleka maduka yake bara kwenyewe. Tabora alikuwa na tawi, Ujiji alikuwa na tawi, na mengine yakafuata kando ya njia za misafara.

Faida yake ilikuwa wazi kwa yeyote anayefanya biashara ya mpakani. Mwenye pembe, nta au asali hakuhitaji tena kutembea miezi mitatu kutafuta mnunuzi. Aliuza karibu na kwake, kwa bei ndogo kuliko ya pwani lakini bila kulipia wapagazi wala hongo. Mwenye duka naye alipata mali kabla haijafika kwa washindani. Aidha, karani aliyekaa Tabora mwaka mzima aliwajua wadeni wake kuliko tajiri aliyekaa Bagamoyo akisubiri habari.

Wakati huohuo nchi zilikuwa zikigawanywa. Mwaka 1885 Kongo ikatambuliwa kuwa milki ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Kwa mapatano ya 1886 na 1890, Wajerumani na Waingereza wakachora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria na kuendelea ng'ambo yake. Njia ambazo Allidina alizijua kama nchi moja ya biashara zikawa chini ya bendera tatu, kila moja na forodha yake. Ramani zilibadilika, lakini mahitaji ya watu wa pande zote yalibaki yaleyale. Watu wa Buganda walitaka nguo na watu wa pwani walitaka pembe na ngozi, na mfanyabiashara aliyekuwa na watu wake kila upande wa mstari ndiye aliyeendelea.

Reli na rupia

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 walikufa kazini.

Watu wote hao walihitaji mchele, unga, samli, dengu na nguo. Allidina, aliyekuwa amekaribia miaka 50, umri ambao wengi huanza kupunguza mwendo, alihamishia uzito wa biashara yake Mombasa na kufungua maduka kufuata reli ilivyosonga. Kabla garimoshi halijafika ziwani, yeye alikwishafungua duka Kampala, akipeleka bidhaa kwa wapagazi na kwa wanyama wa mizigo.

Uganda ndiko alikopata nguvu zaidi. Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 yaliweka kodi ya kibanda ya rupia 3 kwa mwaka. Lakini rupia zilikuwa chache, na mkulima mwenye ndizi na mbuzi hakuwa na mahali pa kuzibadilisha kuwa fedha. Allidina alinunua ufuta, pilipili, ngozi na mazao mengine, na kwa njia hiyo sarafu ziliingia mikononi mwa watu. Kilimo cha pamba kilipoanza Uganda mwaka 1903, naye alikuwa miongoni mwa walioinunua na kuichambua.

Kwa kuwa mabenki yalikuwa bado hayajafika sehemu nyingi, maduka yake yalifanya kazi hiyo. Ofisa aliyekuwa kituo cha mbali aliweza kuandika hati na kupewa fedha taslimu katika tawi la karibu, na hati ikasafiri hadi Mombasa kulipwa. Kilichoifanya karatasi hiyo iwe fedha ni jina lililoandikwa juu ya duka.

Biashara ikazaa viwanda. Alikuwa na vinu vya mafuta Kisumu na pwani, mashine za kuchambua pamba Mombasa na Entebbe, karakana za samani Kampala na Entebbe, viwanda vya soda, mikokoteni ya barabarani na majahazi ziwani. Alikuwa na mashamba pia, na makarani kwa mamia. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Jamaa zake wa Ismailia walimjua kwa cheo cha Varas.

Vijana wa nyuma yake

Majahazi, na baadaye meli, yaliendelea kuleta vijana. Wengi walikuwa na umri mdogo, wametoka katika vijiji kama Kera, na mfukoni hawakuwa na zaidi ya jina la ndugu wa kumtafuta. Allidina aliwafahamu kuliko mtu mwingine yeyote, maana yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kijana aliingia dukani kama karani. Akionekana mwaminifu, alipelekwa tawi la mbali, peke yake au na mwenzake, awajibike kwa mali. Akishazoea watu na njia, aliweza kupewa bidhaa kwa mkopo na kufungua duka lake mwenyewe, akiendelea kununua kwa Allidina na kumuuzia mazao aliyokusanya. Aliyekuwa mwajiriwa akageuka mteja. Maduka mengi ya vituo vidogo vya Uganda na magharibi mwa Kenya yalianza hivyo.

Hata hivyo, ukarimu huo ulikuwa na mipaka yake. Mkopo ulifuata ukoo, lugha na dini. Mnyamwezi aliyebeba mzigo hadi Ujiji mara tano aliijua njia kuliko karani yeyote, lakini ilikuwa nadra sana kwake kupewa majora ya kuanzia biashara. Mkulima wa Buganda aliuza pamba yake kwenye mzani wa mtu mwingine. Katika mfumo wa kikoloni, duka la Mhindi, ofisi ya Mzungu na shamba la Mwafrika vilitengwa kwa makusudi, na tofauti ya mtaji iliyoanza zama hizo ilizungumzwa kwa hasira miaka mingi baadaye. Maisha ya Allidina hayawezi kusimuliwa kwa haki bila jambo hilo. Alipewa nafasi na watu wa kwao, naye akawapa watu wa kwao. Waliobeba mizigo walibaki wapagazi.

Safari ya mwisho

Mwaka 1914 vita kuu ikafika Afrika Mashariki. Mpaka kati ya Waingereza na Wajerumani, ambao kwa miaka zaidi ya 20 mali iliuvuka kila siku, ukawa uwanja wa mapigano. Mfanyabiashara aliyekuwa na matawi pande zote mbili alijikuta na mali ndani ya nchi mbili zinazopigana. Wapagazi, uzoefu ambao misafara ilijengwa juu yake, sasa walichukuliwa kwa maelfu kubeba risasi na chakula cha majeshi, na wengi mno hawakurudi.

Allidina alikuwa na miaka 65, mwenye mali ya kumtosha kukaa barazani Mombasa na kuletewa hesabu. Lakini hakuwahi kuwa mtu wa kusubiri habari pwani. Alisafiri kwenda Kongo kwa shughuli za biashara, na huko akapata homa. Alirudi Mombasa akiwa mgonjwa na akafariki tarehe 30 Juni 1916. Homa, ambayo ilikuwa imewaua wengi wa misafara ya ujana wake, ilimpata katika kazi ileile aliyoianza akiwa mtoto.

Mali ilivyotawanyika

Mtu angetegemea biashara ya ukubwa ule idumu vizazi vitatu au vinne. Haikudumu hata miaka 15. Mwanawe, Abdulrasul, aliirithi katika wakati mgumu. Vita ilikuwa imevuruga njia. Kati ya mwaka 1920 na 1922 rupia iliondolewa, ikaja florini, na mara ikaja shilingi, na kila mwenye madeni ya kudai na ya kulipa alitikiswa na mabadiliko hayo. Katika kipindi hichohicho bei ya pamba duniani iliporomoka. Kisha Abdulrasul naye akafariki, miaka michache tu baada ya baba yake. Kabla ya mwongo huo kwisha, maduka yalikuwa yamefungwa au yamepita kwa wengine.

Biashara iliyojengwa juu ya kujua watu ina udhaifu huo. Daftari linaweza kurithiwa, kiasi cha deni kikasomwa na mtu yeyote. Lakini kujua ni mdeni yupi asubiriwe na yupi abanwe, ni karani yupi aachiwe ghala na yupi arudishwe pwani, hayo hayaandikwi katika daftari. Allidina aliyajifunza kwa zaidi ya miaka 50, kuanzia kwenye ufagio wa Bagamoyo. Hakuna mrithi angeweza kuyapokea kwa siku moja.

Kilichobaki

Kabla ya kufariki, Abdulrasul alifanya jambo moja lililoishi kuliko matawi yote. Alitoa fedha za kujenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Shule hiyo, Allidina Visram, ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na hadi leo ni miongoni mwa sekondari zinazojulikana sana mjini humo. Watoto wa kila kabila na kila dini wamepita katika madarasa yake. Mtu aliyeondoka kwao na miaka 12, umri wa kukaa darasani, jina lake sasa limeandikwa juu ya lango la shule. Sanamu yake pia ipo Mombasa, katika bustani ya Treasury Square.

Urithi wa pili hauna sanamu. Ni wale vijana waliochukua majora ya kwanza dukani kwake na kwenda kufungua milango yao wenyewe Jinja, Kisumu, Tabora na kwingineko. Nyumba kubwa ilipoanguka, vijumba vilivyotoka ndani yake vilikuwa tayari vimesimama.

Leo, Busia, Namanga, Mutukula na Kigoma, bado kuna kijana anayefika na mfuko mmoja, asiyejua lugha ya soko wala bei ya jumla, akitafuta mtu wa kumwachia meza kwa siku. Lori limechukua nafasi ya mpagazi na simu imechukua nafasi ya hati ya Mombasa. Lakini mtaji wake wa kwanza bado ni uleule alioupata mtoto wa Kera: mfanyabiashara mmoja aliyekubali kumwamini kabla hajawa na kitu. Tofauti pekee inayowezekana ni kwamba safari hii imani hiyo isiishie kwa watu wa ukoo mmoja.